Magofu ya burudani na minara miwili ya Luka

Huenda kijana wako amewahi kukuonyesha kwenye simu yake zile video za watu wanaoingia katika bustani za burudani zilizotelekezwa. Zipo nyingi, kutoka Marekani, Ujerumani, Japani na kwingineko. Mtu anapenya chini ya uzio akiwa na kamera, anatembea kati ya magugu yanayomfika kiunoni, na mbele yake inajitokeza rola kosta, ile reli ndefu inayopanda na kushuka angani, ambayo watu hulipa fedha ili wafungwe mikanda kwenye vigari na kuachiwa waporomoke wakipiga mayowe. Sasa mayowe hakuna. Vigari vimekwama kituoni, viti vimechanika, mti umeota katikati ya reli. Mpiga picha ananong'ona kana kwamba yuko makaburini, nasi tulioshika simu tunatazama mpaka mwisho.

Simshauri mtu yeyote kufanya matembezi hayo. Kuingia mahali pa watu bila ruhusa ni kosa, na ngazi iliyooza haijui kama aliyeikanyaga ni mwema au mhuni. Lakini kutazama tunatazama, na inafaa tujiulize tunatafuta nini. Sehemu ni huzuni ya kawaida tu: mahali palipojengwa ili watoto wacheke, kimya chake ni kizito kuliko kimya cha kiwanda kilichofungwa. Sehemu nyingine si nzuri sana. Gofu linatupa nafasi ya kuuliza ni nani aliyekosea hapa, na anayeuliza swali hilo kwa kawaida ameshajitoa mwenyewe kwenye orodha ya watuhumiwa.

Chukua gofu lililopigwa picha kuliko mengi, lile la mashariki mwa jiji la New Orleans, Marekani. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 2000 ikiitwa Jazzland, kisha kampuni ya Six Flags ikaichukua na kubadili jina. Fahari yake ilikuwa rola kosta iliyoitwa Mega Zeph. Njia yake ilikuwa ya mbao, lakini nguzo zilizoishikilia zilikuwa za chuma, kwa sababu wajenzi walijua wako kwenye nchi ya mchwa na vimbunga. Naomba ukumbuke jambo hilo. Watu wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wameufikiria upepo.

Rola kosta ya mbao ni kitu kinachodai uangalizi kama mgonjwa. Asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, mafundi huipanda na kuitembea kwa miguu, wakikagua ubao kwa ubao, wakikaza boliti zilizolegea usiku au kwa mtikisiko wa jana, wakibadilisha mbao zilizoanza kupasuka. Vigari hupitishwa kwanza vikiwa vitupu. Wageni wanaokuja saa nne na tiketi zao hawawaoni watu hao wala hawawafikirii. Kazi yao ikifanyika vizuri haionekani kabisa.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilifika. Kingo za kuzuia maji zikabomoka na karibu asilimia 80 ya jiji ikafunikwa. Bustani ile ilikuwa bondeni na ilizungushiwa tuta la udongo ili maji ya nje yasiingie. Pampu ziliposhindwa, tuta lile lile likageuka beseni: maji ya chumvi yaliyokuwa yameshaingia hayakuwa na pa kutokea, yakakaa kwa wiki kadhaa yakila mota, nyaya na mbao. Ni rola kosta moja tu kati ya zile kubwa iliyopata bahati. Ilikuwa ya chuma na kituo chake kilikuwa kimejengwa juu. Baadaye ilifunguliwa vipande vipande, ikakarabatiwa, ikasafirishwa hadi San Antonio, Texas, na tangu mwaka 2008 inabeba watu kwa jina jingine. Zilizobaki ziliachiwa kutu. Kampuni ikasema hasara imekuwa kamili na kuomba kujitoa kwenye mkataba wake na jiji. Ikaja mipango ya wawekezaji, mmoja baada ya mwingine, ikapita. Waigizaji na kamera za filamu wakaja kupiga picha za dunia iliyoharibika, wakaondoka. Kwenye bango la lango kuu yakabaki maneno matatu ya Kiingereza yaliyowekwa kabla ya mvua ya kwanza kuanguka, yanayosema tu kwamba pamefungwa kwa sababu ya dhoruba. Mtu aliyeyapanga herufi kwa herufi bila shaka alitegemea kurudi kuyatoa baada ya siku chache. Kazi ya kubomoa bustani ilianza mwaka 2024.

Baada ya maji yale kushuka, wahubiri kadhaa walisimama na kueleza kwamba Mungu alikuwa ameliadhibu jiji la New Orleans kwa sababu ya dhambi zake. Wengi tuliwahi kusikia maelezo ya namna hiyo na wengine tuliyaitikia kwa amina. Ni kweli jiji lile lina sifa ya ulevi na starehe, na kitovu cha starehe hizo ni mtaa wa zamani uitwao French Quarter, wenye baa zinazojulikana dunia nzima. Sasa angalia ramani. Mtaa ule ulijengwa na watu wa zamani kwenye ardhi iliyoinuka, na kwa sehemu kubwa maji hayakuufikia. Yaliyozama ni makazi ya chini, ya familia za kipato kidogo, yenye makanisa karibu kila kona, ambako mabibi walikuwa wameketi na Biblia zao. Kama ile ilikuwa fimbo ya kuwachapa walevi, basi iliwakosa walevi na kuwapata wanakwaya.

Bwana wetu aliulizwa swali hilo hilo, na jibu lake liko katika Luka sura ya 13. Kulikuwa na mnara huko Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane. Yesu mwenyewe anautaja na kuwauliza wasikilizaji wake kama wanadhani wale kumi na wanane walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Jibu lake ni hapana, bila kupepesa. Kisha, kabla hawajapumua, anaugeuza uso wa swali kuwaelekea wao: msipotubu, nanyi mtaangamia. Anatuzuia kumhukumu aliyeangukiwa na mnara, na papo hapo anatuzuia kuondoka tukiwa tumejiridhisha. Kwa hiyo gofu la New Orleans lisitufanye mahakimu. Tuliombee jiji lile na watu wake, na tuendelee mbele, kwa sababu kuna gofu jingine linalotuhusu zaidi.

Hilo liko Fort Mill, katika jimbo la Carolina Kusini, na lilijengwa kwa sadaka.

Vijana wengi hawajui habari zake, na wazee waliowahi kusikia nadhani wangependa zisahaulike. Katika miaka ya 1970 mhubiri wa televisheni Jim Bakker na mkewe Tammy Faye walianzisha huduma iliyoitwa PTL, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya Msifu Bwana. Mwaka 1978 wakafungua Heritage USA, bustani ya burudani ya Kikristo kwenye eneo la ekari zaidi ya 2,000. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na sioni haya kulisema. Familia ya waumini ipate mahali pa kupumzika pasipo pombe, watoto wateremke kwenye maporomoko ya maji, jioni wote waingie kwenye ibada. Kulikuwa na bwawa kubwa, treni ndogo, maduka, kambi, mahali pa ubatizo. Mwaka 1986 walifika wageni karibu milioni sita, na katika Marekani yote ni bustani mbili tu za Disney zilizoipita kwa idadi ya watu.

Ili kujenga hoteli, Bakker aliwaomba watazamaji wake wawe washirika wa kudumu. Mpango uliojulikana zaidi ulikuwa hivi: toa dola 1,000 mara moja, na kila mwaka utalala hotelini siku tatu bila malipo, maisha yako yote. Wastaafu walitoa akiba zao, wajane walitoa pia. Aliahidi kwamba kwa hoteli ya kwanza hatapokea washirika zaidi ya 25,000.

Hapa nakuomba, msomaji, uchukue kalamu. Hoteli ile ilikuwa na vyumba takriban 500. Zidisha kwa siku 365, unapata nafasi za kulala 182,500 kwa mwaka. Washirika 25,000 wakija usiku tatu kila mmoja wanahitaji nafasi 75,000. Zinatosha, na nyingine nyingi zinabaki kwa wageni wanaolipa. Kwa hiyo mpango wa mwanzo uliwezekana kabisa, na hili ndilo linaloniumiza kila nikilifikiria. Lakini ushirika uliouzwa, kwa mujibu wa kumbukumbu za mahakama, ulifika 66,683. Zidisha kwa tatu: nafasi 200,049. Hata kama hoteli ingemfungia nje kila mgeni mwingine, na hata kama kisingekuwa na chumba kimoja kilichokaa kitupu usiku mmoja wa mwaka mzima, bado watu wangekosa mahali pa kulala. Mtoto wa darasa la sita angeliona.

Na bado fedha zilikuwa zikiombwa kwa ajili ya hoteli ya pili, mnara wa ghorofa 21. Ushirika wa mnara huo nao uliuzwa kupita kiwango. Sehemu kubwa ya fedha za washirika haikwenda kwenye saruji. Ilikwenda kulipia gharama za kila siku za huduma, zilizokuwa zinameza fedha kuliko zinavyoingia, na maisha ya anasa ya viongozi. Hukumu ya mahakama ya rufaa inataja hadi bei ya pazia la bafuni. Sitaiandika hapa, maana tukianza kucheka pazia tutasahau wajane. Mwaka 1987 kashfa zikafumuka, Bakker akajiuzulu, huduma ikatangaza kufilisika. Mhubiri mwingine maarufu, Jerry Falwell, alikabidhiwa usukani kwa muda, na ili kuchangisha fedha aliteremka kwenye poromoko la maji akiwa amevaa suti na tai. Picha yake ilizunguka dunia. Haikuokoa kitu. Septemba 1989, kesi ya Bakker ikiendelea mahakamani, kimbunga Hugo kilipita na kuharibu sehemu ya majengo. Mwezi uliofuata alitiwa hatiani kwa makosa yote 24 ya ulaghai na kula njama, akahukumiwa kifungo cha miaka 45 ambacho baadaye kilipunguzwa sana, na mwaka 1994 akatoka gerezani.

Wapo waliosema Hugo ndicho kilichoiua Heritage USA. Hapana. Upepo ulikuta maiti.

Mnara wa ghorofa 21 ulisimama hivyo hivyo, ukuta wa nje umefika juu na ndani hakujakamilika kitu. Mwaka 2004 huduma nyingine ya Kikristo, MorningStar, ilinunua sehemu ya eneo lile, na mnara ukaingia kwenye mabishano marefu kati ya huduma hiyo na serikali ya kaunti ya York kuhusu kama ukarabatiwe au ubomolewe. Vijana wenye kamera wakaujua nao, wakaupanda. Kwenye video zao wanapita vyumba ambavyo mtu fulani alishavilipia tangu miaka ya 1980 na hakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Sura moja tu baada ya Siloamu, katika Luka 14, Yesu anautaja mnara wa pili. Huu haujamwangukia mtu. Huu haujaisha. Anawauliza umati unaomfuata kama kuna mtu mwenye akili zake anayeanza kujenga mnara bila kukaa chini kwanza na kupiga hesabu, asije akaweka msingi tu na wapita njia wakamfanya kichekesho. Tusiubane mfano huu kuliko ulivyo. Bwana anaongea juu ya gharama ya kumfuata, ya kubeba msalaba. Hatoi somo la ukandarasi. Ila mfano ulifanya kazi kwa sababu kila aliyesimama pale alikuwa anaujua mnara wa aina hiyo kijijini kwake. Nawe unaujua. Nondo zinachungulia juu ya kuta, mabati yamepakwa rangi upande wa barabarani tu, jiwe la msingi lina jina la mgeni rasmi na tarehe ya zamani.

Angalia kitenzi ambacho Bwana anakitumia: huyo mtu anaketi. Kuketi na kuhesabu, kwenye makanisa yetu, mara nyingi kunaonekana kama upungufu wa imani. Kwenye changizo mtu akisimama na kuahidi tofali elfu moja anapigiwa vigelegele. Akisimama mwingine na kuuliza tofali za mwaka jana ziko wapi, ukumbi unapoa. Ataambiwa ana roho ya upinzani, ataambiwa anamgusa mtumishi wa Mungu. Huko Fort Mill walikuwepo watu walioziona namba. Kuna wahasibu, kuna wajumbe wa bodi, kuna makatibu waliochapa barua za shukrani. Imani ya wale waliotoa dola 1,000 siilaumu hata kidogo. Walimtolea Mungu, na naamini Mungu aliipokea sadaka yao hata pale binadamu walipoifuja. Swali langu liko kwa wale walioketi karibu na daftari.

Si kila jengo la kanisa lililosimama nusu ni ulaghai, na ningechukia mtu asome hivyo. Saruji inapanda bei, mavuno yanashindwa, kiwanda kilichoajiri nusu ya washarika kinafungwa. Wapo wachungaji wanaolala na njaa ili jengo liongezeke kozi moja ya tofali. Mnara wa Siloamu na mnara usiohesabiwa kwa nje unaweza kufanana kabisa, na mpita njia hawezi kuutofautisha kwa kutazama kutu. Ndiyo maana ule wa kwanza tunakatazwa kuuhukumu. Lakini aliye ndani anaweza kutofautisha. Anaweza kuomba taarifa. Anaweza kuuliza ahadi zilizotolewa ni kiasi gani, zilizolipwa ni kiasi gani, na kama fedha za paa zimekwenda kwenye paa. Anaweza pia kuuliza jambo ambalo ni nadra kusikika kwenye kamati za ujenzi: jengo likiisha, nani atalipaka rangi mwaka wa tano, na kwa fungu gani? Mega Zeph ilikuwa na mafundi wake wa asubuhi. Nimehudhuria uzinduzi wa majengo kadhaa ya ibada na sijawahi kusikia risala inayotaja fungu la matengenezo.

Mtume Paulo alikuwa na changizo kubwa mikononi, la makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Kama kuna mtu ambaye angeweza kusema niaminini tu, ni yeye. Soma 2 Wakorintho sura ya 8 uone alivyofanya. Hakuibeba fedha ile peke yake. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na ndugu wa tatu aliyekuwa amepimwa mara nyingi. Anaeleza sababu bila aibu: hataki mtu yeyote apate la kulaumu, na anajali kuwa safi machoni pa watu pia, siyo mbele za Bwana peke yake. Nimewahi kuwasikia watu wakisema mimi namjibu Mungu tu. Paulo hakusema hivyo kuhusu fedha.

Wale ndugu wawili waliofuatana na Tito hawatajwi majina. Walisafiri njia ndefu wakilinda mfuko wa watu wengine, wakafika, na hatujui zaidi.

Leo, ibada ikiisha na wewe ukiwa unasalimiana na watu nje, huenda chumba cha pembeni kina watu watatu au wanne waliofunga mlango, wamemwaga kikapu juu ya meza, wanapanga noti kwa noti na sarafu kwa sarafu, mmoja anaandika na mwingine anarudia kuhesabu. Watachelewa chakula cha mchana. Wakikukuta bado uko uwanjani, wasalimie.

Jumapili njema.